Mume wa Delphia

Siku Arvil Sturgill alipoitwa "mume wa Delphia" kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama dukani kwa Hobart Napier na mfuko wa maharage mkononi, akisubiri kifua kitulie ndipo atoke. Mama mmoja mgeni, aliyekuja na gari lenye namba za jimbo la Ohio, alimkazia macho, akamgeukia Hobart, kisha akapiga makofi kama mtoto.

"Jamani, huyu siye mume wa Delphia? Yule anayeimba kwenye CD ya ile filamu?"

"Ndiye huyohuyo," Hobart akajibu. "Mwenyewe, tena bado anatembea."

Mama akachomoa CD mkobani, na kalamu. Arvil akaufuta mkono kwenye suruali, akaipokea kalamu. Alikuwa keshaandika herufi ya kwanza ya jina lake pale juu ya kasha, A kubwa iliyonyooka, mama alipomdaka mkono.

"La, babu, usiandike wewe! Nilitaka umpelekee Delphia aniandikie. Kesho nitapita hapahapa dukani kuichukua."

Hobart aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta kitu. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Mama alipokwisha kutoka, akainuka na macho yamemjaa machozi ya kicheko. "Arvil, rafiki yangu, bado kumbebea mkoba tu. Ukiubeba, nitakununulia na kofia ya dereva."

"Cheka," Arvil akasema. "Meno ni yako."

Tangu amwoe, miaka thelathini na minane, bonde zima la Caney lilikuwa linasema "mke wa Arvil". Mke wa Arvil kaleta pai, mke wa Arvil anaumwa jino. Harusi isiyo na banjo ya Arvil, gitaa lake la mviringo kama ngoma, ilikuwa haijawa harusi, ni watu wamekutana kula tu. Wachimba makaa walipogoma, alipiga yeye pale getini mpaka polisi wakawa wanagonga miguu bila kujijua. Sasa vumbi la makaa lilikuwa limemkalia mapafuni, kuimba hawezi, ngazi hawezi, hata kumbishia mtu mpaka avute pumzi mara mbili. Kilichobaki kizima ni vidole. Ndiyo maana jambo lile lilimuuma kuliko ambavyo lingemuuma mtu mwingine.

Maana watu wa filamu walikuja kumtafuta yeye! Hilo alitaka lijulikane. Joel Kessler, mtafuta muziki kutoka Nashville, alifika hadi mlangoni akauliza nyumba ya Arvil Sturgill mpiga banjo. Walikuwa wanatengeneza filamu ya familia inayohamishwa ili bonde lao lijazwe maji ya bwawa, na walitaka nyimbo za milimani zenyewe, si za kuigiza. Arvil alipiga vipande kumi na kimoja pale jikoni, mashine ikirekodi. Kila alipomaliza, Kessler alisema, "Nzuri sana, mzee." Kisha kwa adabu tu akamuuliza na mama mwenye nyumba, aliyekuwa akikaanga matofaa, kama naye anao wimbo wowote.

Delphia akafuta mikono kwa aproni. Akasema kama anavyosema siku zote, "Arvil, nipe sauti."

Kwetu mwimbaji hupewa sauti: mpigaji hugusa waya mmoja, mara moja, na mwimbaji huanzia hapo. Wengine hujianzia wenyewe. Delphia hakuweza. Akijianzia, siku moja yuko chini mno, siku nyingine yuko juu ya paa. Arvil akagusa waya wa tatu, Delphia akafumba macho, akaimba peke yake bila chombo chochote wimbo wa nyanya yake, wa mwanamke anayeufungulia mto mlango kwa kuwa hakubaki mgeni mwingine wa kumgongea. Kessler hakusema nzuri sana. Aliinamisha kichwa, matofaa yakaungua, na hakuna aliyeinuka kuyatoa motoni.

CD ilipotoka, bonde zima liliinunua. Filamu yenyewe waliitazama wachache, wakasema ni ndefu na mule ndani hakuna anayejua kukamua ng'ombe. Lakini nyimbo! Zilipigwa kila gari, kila kinyozi. Delphia alikuwa wimbo wa saba. Katika vile vipande kumi na kimoja vya Arvil hakikuwekwa hata kimoja. Na wala si hilo lililomkosesha usingizi. Aliisikiliza sehemu ya saba mara ishirini, sikio ameligandisha kwenye spika. Ilianza na Delphia akivuta pumzi.

"Pumzi wameiacha," alimwambia mkewe. "Waya wangu wameukata."

"Waya gani, Arvil?"

"Waya gani! Waya niliokupa."

"Aa, ule," Delphia akasema, akaendelea kukunja shuka.

*

Simu ya Kessler iliingia Jumanne wakati wa chakula cha jioni. Delphia alizungumza akiwa amesimama, waya wa simu ameuzungushia kidole, akisema "ndiyo bwana" na "hapana bwana". Aliporudi mezani alikuwa amewiva uso.

"Wanazipeleka zile nyimbo jukwaani," akasema. "Miji kumi na miwili. Chicago imo. Boston imo. Anataka na mimi niende."

Arvil alivunja mkate wa mahindi ndani ya maharage, akauponda polepole kwa kijiko.

"Ila kwanza atakuja Jumamosi kwenye ile sherehe ya muziki ya shuleni. Anasema kuimba jikoni ni jambo moja na kuimba mbele ya watu ni jingine, lazima wakubwa wake wawe na hakika. Nikiimba vizuri Jumamosi, basi nimepita."

"Na nani atanipikia?"

"Arvil Sturgill! Unajua jiko lilipo. Limekaa palepale tangu tuhamie."

"Nimeuliza tu."

Delphia akavuta kiti karibu. Alikuwa mwanamke asiyeomba. Mwaka walioishi kwa viazi alivipika viazi na kunyamaza. Sasa akamshika mkono wa kijiko. "Nataka kwenda," akasema. "Nakwambia wewe kwanza, hata Rhonda mwanetu sijamwambia. Nina miaka hamsini na tisa na sijawahi kulitaka jambo namna hii. Nalitaka mpaka naona aibu."

"Nenda basi. Nani kakushika?"

"Twende wote. Nani atanipa sauti?"

Arvil akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamshika mpaka Delphia akainuka kumletea maji. Alipopata pumzi akasema, "Yaani niende Chicago, nipande jukwaani mbele ya umati, nipige waya mmoja, nishuke."

"Waya mmoja, ndiyo."

"Mara moja."

"Mara moja. Pasipo huo mimi sina pa kuanzia, wewe unajua."

Mwanamke alikuwa anamsifu, tena sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa. Lakini mwenye wivu humwaga asali akalamba siki. Arvil alisikia "mmoja" tu. Akasukuma sahani.

Kesho yake dukani Hobart akampokea kwa shangwe. "Nasikia tunasafiri! Chicago! Halafu mzee, huko si watakuwepo wale wapiga gitaa? Vijana wa miaka hamsini, nywele zao zote wanazo, mapafu yao mazima. Mke wako ana sura bado, mimi husema siku zote."

"Unasema siku zote?"

"Kwa heshima! Mimi ni shemasi."

"Shemasi, nipe betri na unyamaze."

Alitembea kwenda nyumbani akiyarudia maneno yale. Alimkuta Delphia kwenye ngazi ya nyuma, anafanya mazoezi kwa sauti ya chini, mkono juu ya tumbo, na uso wake ulikuwa uso ambao Arvil aliuona mara ya mwisho alipokuwa anamchumbia. Alikuwa hajamwimbia mtu yeyote kwa uso ule, ila yeye. Sasa uso uko pale, na yeye Arvil hayumo. Wivu ukamwingia, wivu mtupu, hata jina la mtu wa kumwonea wivu hana.

*

Jumamosi saa nane mchana ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule ya sekondari ulijaa. Walikuwa wamepanga viti mpaka chini ya goli. Mlangoni binti mmoja mwenye orodha alimvalisha Delphia beji iliyoandikwa MSANII. Akamtazama Arvil na lile sanduku la banjo.

"Na wewe, babu, umeleta vyombo?"

"Nimeleta banjo."

"Ndiyo, vyombo unaviweka kule nyuma." Akatafuta kwenye karatasi zake, asilione jina. Akampa beji ya MGENI WA MSANII. "Hii itakuruhusu kuingia."

"Yuko na mimi," Delphia akasema kwa ukali. "Huyu ndiye anayenipa sauti."

"Sawa, mama," akasema binti, asielewe hata chembe.

Jukwaani kulikuwa na kipaza sauti kimoja katikati. Kiti cha Arvil walikiweka pembeni, karibu na pazia, mahali ambapo mwanga hauishi wala hauanzi. Kessler alikuwa safu ya kwanza na wakubwa wake wawili wa suti. Alimkumbatia Delphia, akamwita malkia wetu. Arvil alimpa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika banjo. Kessler akauminya, akasema, "Mzee, umepata bahati na mwanamke huyu," macho yake tayari yako kwingine.

Nasema kweli: alipotoka nyumbani Arvil hakuwa amepanga lolote. Lakini pale gizani, beji ikimning'inia shingoni kama ya mtoto aliyepotea sokoni, mkono wake ulikwenda kwenye kibanio, kile kidude wapigaji wanachofunga shingoni mwa banjo ili waya zote zipande sauti pamoja. Akakifungua. Akakisogeza juu hatua nne. Akakifunga. Hata mwenzake wa karibu asingejua, na hapakuwa na mwenzake wa karibu.

Delphia alisimama kwenye kipaza sauti na gauni lake la bluu la kanisani. Watu wakanyamaza. Akageuza kichwa, akatabasamu.

"Arvil, nipe sauti."

Akagusa waya wa tatu, mara moja.

Delphia akaanza. Neno la kwanza lilipotoka akageuka tena, kidogo tu, akamtazama kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Arvil akayainamisha macho kwenye banjo. Sasa angesimama, aukatishe wimbo. Waimbaji husimama kila siku, wanacheka, wanasema nipe tena, hakuna aliyekufa kwa hilo. Alingoja asimame.

Hakusimama. Aligeukia watu akaendelea. Ubeti wa kwanza ulipita, watu wakaona kwamba leo kaanza kwa nguvu. Wa pili akaukaza, mishipa ya shingo ikasimama. Wa tatu ndio ule ambao mto unafika mlangoni na wimbo wenyewe unapanda, na pale palipotakiwa kupanda hapakuwa na pa kupandia. Sauti ikapasuka. Akakohoa, akairudia, ikapasuka tena, sauti mbaya ya bati. Kiti kimoja kikalia mahali fulani. Mistari miwili ya mwisho Delphia hakuiimba, aliisema tu, kama mtu anayesoma barua.

Watu walipiga makofi mengi, yale ambayo mtu hupigiwa anapoanguka. Kessler alikuja akamshika mabega yote mawili. "Umefanya vizuri, mama. Pumzika. Tutawasiliana." Wale wa suti walikuwa tayari wanaangalia saa.

Njiani kwenda nyumbani Delphia alisema mara moja tu, kwa sauti iliyokwaruza, kwamba maziwa yamekwisha. Arvil aliendesha. Tusidanganyane: kwa maili moja nzima alisikia furaha. Alijua ni furaha gani na hakuisukuma. Chicago imekufa. Boston imekufa. Walipofika daraja la Caney furaha ikawa haipo tena, na alipoitafuta hakuiona.

*

Wiki ile simu haikulia. Wanawake wa kanisani walileta pai na bakuli za kuku kama wanavyofanya kwenye msiba. Waliketi na Delphia, wakasema hali ya hewa ilikuwa mbaya Jumamosi, joto lile ukumbini, nani angeweza. Wakitoka nje ya uzio walisema mengine, na Hobart, kwa kuwa hakuwahi kuzuia kitu mdomoni, alimletea Arvil yote juu ya kaunta.

"Wanasema ile CD waliipamba kwa mitambo. Mimi sisemi. Lakini umri ni umri, Arvil. Wewe umemaliza mapafu, yeye kamaliza koo. Mshukuru Mungu limejulikana hapa nyumbani, si mbele ya watu wa Chicago."

Arvil angeweza kusema neno. Lilikuwa hapo, fupi. Alichukua mkate wake, akaondoka.

Jumapili baada ya chakula Delphia alikaa mezani akivunja maharage mabichi, anakata ncha, anavuta uzi, anatupia kwenye bakuli. Tangu Jumamosi ile hakuwa amemlaumu kwa neno moja. Alimpikia, alimfulia, alimwekea dawa yake kando ya kikombe. Arvil aliona afadhali angemrushia sahani.

"Delphia. Kwa nini hukusimama?"

"Kusimama wapi?"

"Pale. Ungesema, Arvil, nipe tena. Ungeanza upya."

Akavunja harage. "Nilijua kabla neno la pili halijatoka."

"Ulijua nini?"

"Kwamba umenipa ya juu. Na kwamba hukukosea. Wewe hukosei, Arvil. Umenipa sauti ile mara elfu ngapi? Hata ulipokuwa na homa hukukosea."

Arvil akatafuta pumzi, akaikosa, akaitafuta tena. "Sasa kama ulijua, kwa nini?"

"Wangejua ni wewe."

Akasogeza bakuli. Alikuwa anazungumza polepole, koo bado halijapona. "Bonde zima lilikuwa pale. Hobart alikuwa kiti cha mbele na mdomo wake. Kifua umenyang'anywa, kazi umenyang'anywa, umebaki na kidole hicho, kwamba Arvil Sturgill hagusi waya usio wenyewe. Ningesema nipe tena, wangekuvua na hicho. Nikasema, basi, bora waseme Delphia amezeeka."

Arvil alikosa pa kuuweka uso. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, ikamfika masikioni. Alitaka kusema nisamehe na neno likaonekana dogo, kama kumlipa mtu nyumba kwa senti. Akainuka. Kadi ya Kessler ilikuwa imebandikwa kwenye friji kwa sumaku ya jogoo. Akaisoma namba kwa kuigusa kwa kidole, tarakimu moja moja, akapiga.

"Bwana Kessler? Ni Arvil. Arvil Sturgill, wa Caney... Ndiyo, mume wa Delphia." Akakohoa. "Sikiliza, maana sina pumzi ya kurudia. Jumamosi mke wangu hakushindwa. Mimi nilimpa sauti ya juu, hatua nne juu. Hakuna mtu duniani angeufikia ubeti wa tatu kutoka pale. Aliimba mpaka alipofika kwa kiburi tu... Hapana, bwana. Sikukosea. Mimi sikosei. Nilifanya makusudi."

Delphia alikuwa ameacha maharage.

"Kwa nini?" sauti ya Kessler ilisikika hadi mezani.

"Wivu," Arvil akasema. "Wivu, bwana, hakuna jingine. Na unaweza kumwambia yeyote. Hobart Napier nitamwambia mwenyewe kesho."

Kisha Kessler akauliza jambo, na Arvil akanyoosha kipokezi juu ya meza. "Anakutaka wewe."

Delphia akafuta mikono. Alisikiliza amesimama wima. Akasema ndiyo bwana. Akasema koo litakuwa limepona kufikia Alhamisi, ataimba tena. Akasema Nashville anaijua kwa jina tu lakini kupanda basi anajua. Arvil aliyasikia yote akiwa amekaa kwenye kiti chake, na moyo wake, ule moyo wake mbaya, ulikuwa umeanza kuchangamka. Alikuwa keshaanza kufikiria shati lipi litafaa na kama sanduku la banjo litaingia juu ya kiti cha basi.

Kessler aliuliza jambo la mwisho, kwa sauti ya mtu anayefunga daftari. Na mzee je? Tumwekee kiti?

Delphia alimgeukia mumewe. Hakuwa na hasira usoni. Alimtazama muda mrefu, vile ambavyo mtu huitazama nyumba anayoijua, akihakikisha amezima jiko.

"Hapana, bwana," akasema. "Nitakuja peke yangu."

Akasikiliza.

"Hilo lisikusumbue. Huko si kuna wapigaji? Mtu yeyote atanipa sauti."

Akaiweka simu mahali pake, akarudi mezani, akavuta bakuli.

"Yeyote?" Arvil akauliza.

"Yeyote," Delphia akasema, akavunja harage jingine.